Nani Huziamsha Adrenali Usiku wa Homa?

Saa sita usiku, mtu mwenye homa kali amejikunyata kitandani. Meno yanagongana, blanketi mbili hazimtoshi, viungo vinauma utadhani amebeba mawe kutwa nzima. Hakuna anayemfokea, hakuna deni linalomnyima usingizi, hakuna mnyama mkali mlangoni. Lakini damu yake ikichukuliwa saa hiyohiyo na kupimwa, itakutwa imejaa kotisoli. Kwa mtu mwenye afya njema, saa sita usiku ndipo homoni hii huwa imeshuka chini kabisa. Huanza kupanda kuelekea alfajiri na kufika kileleni muda mfupi baada ya mtu kuamka. Kwa mgonjwa wetu ratiba hiyo imevurugwa. Kuna aliyezigongea mlango tezi zake za adrenali na kuziambia: amkeni, kuna vita.

Ni nani huyo? Swali ni jepesi kuuliza, ila sayansi ilihitaji karibu nusu karne kulijibu. Sisi tuliozoea kuiita kotisoli "homoni ya msongo", na kuilaumu kwa kila kitambi na kila usiku wa kukosa usingizi, tuna sababu ya kulisikiliza jibu lake kwa makini. Wakati wa ugonjwa, kazi kubwa ya homoni hii ni kuituliza kinga ya mwili, na anayeiita ije kutuliza ni kinga yenyewe.

Tuanze na mnyororo unaoitengeneza. Chini ya ubongo kuna haipothalamasi, sehemu ndogo inayosimamia joto la mwili, njaa, kiu na usingizi. Ndani yake yapo mafungu mawili ya seli za neva, moja kila upande, yanayotengeneza homoni iitwayo CRH. Seli hizo huimwaga CRH kwenye vijishipa vyembamba vya damu vinavyoteremka moja kwa moja hadi tezi ya pituitari, yenye ukubwa wa punje ya njegere na uzito wa takribani nusu gramu. Pituitari ikiipata CRH hutoa homoni ya pili, ACTH, ambayo husafiri na damu ya mwili mzima mpaka kwenye tezi mbili za adrenali zilizokaa juu ya figo kama kofia. Kila moja ina uzito wa gramu nne au tano tu. Ganda lake la nje hutengeneza kotisoli kutokana na kolesteroli. Tezi haiweki akiba ya maana: kotisoli hutengenezwa pale inapoitishwa, na ndiyo sababu huchukua dakika 20 hadi 30 kufika kileleni baada ya kishindo. Adrenalini hutoka kwenye kiini cha tezi hizohizo, lakini kwa amri ya neva, na huwa imeshaingia kwenye damu ndani ya sekunde.

Mtu anaweza kushangaa: kwa nini hatua tatu, wakati ubongo ungeweza kuziamuru adrenali moja kwa moja? Faida moja ni kwamba kila hatua hukuza ujumbe, kiasi kidogo mno cha CRH kikiishia kuzaa kotisoli ya kuutosha mwili mzima. Faida nyingine, ambayo ndiyo kiini cha makala haya, ni kwamba kila kituo ni mlango. Katika kila kituo kuna wengine wanaoweza kuingia na kutia neno: kuharakisha, kuchelewesha, au kufunga kabisa.

Dalili ya kwanza kwamba kinga ya mwili inahusika ilionekana mapema. Julai 1936, Hans Selye wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, alichapisha barua fupi katika jarida la Nature. Aliwadunga panya dawa na sumu za aina mbalimbali, wengine akawaweka kwenye baridi, wengine wakajeruhiwa au kuchoshwa kwa kazi. Mateso yalitofautiana, matokeo yakafanana: adrenali zimevimba, tumbo lina vidonda, na tezi ya thaimasi pamoja na tezi za limfu zimenywea. Thaimasi na limfu ni makazi ya askari wa kinga. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza ushahidi ulikuwa mezani, kwamba adrenali zikikua, makazi ya kinga husinyaa. Watafiti waliusoma kwa upande mmoja, wakasema msongo unabomoa kinga. Miaka mingi ikapita kabla ya kugeuza swali na kuuliza kama kinga nayo ina la kuziambia adrenali.

Wakati huohuo tabibu mmoja alikuwa akiifikia siri hiyohiyo kwa njia nyingine kabisa. Philip Hench wa Mayo Clinic, Marekani, aliona kuanzia mwaka 1929 kwamba wagonjwa wa baridi yabisi, wale ambao viungo vyao huvimba na kukakamaa, hupata nafuu ya ajabu wakipatwa na ugonjwa wa ini unaowageuza macho na ngozi kuwa ya manjano. Wanawake wajawazito nao walipata nafuu. Akaamini kuna kitu mwilini kinachouzima ugonjwa ule, akakitafuta pamoja na mkemia Edward Kendall. Septemba 1948 walimdunga mgonjwa wao wa kwanza dutu kutoka ganda la adrenali, ile iliyokuja kuitwa kotisoni, ndugu wa karibu wa kotisoli. Mwanamke huyo kijana alikuwa hajiwezi kwa maumivu. Baada ya siku chache akatembea. Mwaka 1950 Hench na Kendall walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Tadeusz Reichstein.

Ushindi huo ulileta kitendawili. Homoni inayopanda mwili unaposhambuliwa inawezaje kuwa ndiyo inayowanyamazisha walinzi? Unapoingiliwa na adui, ungetarajia mwili uwatie walinzi nguvu. Kwa muda mrefu wengi waliona uwezo wa kotisoni kuzima kinga kuwa ni jambo la dawa tu, linalotokea kwa sababu daktari ametoa dozi kubwa kuliko kawaida ya mwili. Mwaka 1984 Allan Munck na wenzake walipendekeza tafsiri iliyogeuza meza: kotisoli haipandi ili kupigana na adui, hupanda ili kuzizuia silaha za mwili zisivuke mpaka. Silaha hizo hukata kote kote. Makrofaji, seli zinazomeza vijidudu, humwaga tindikali na vimeng'enya vinavyoweza kuyeyusha nyama ya mwenye mwili. Mishipa ya damu hutanuka na kuvuja ili askari wapite. Ikivuja kila mahali kwa pamoja, shinikizo la damu huporomoka na mtu hufa kwa mshtuko hata kama bakteria wenyewe wameshauawa.

Lakini breki isiyojua gari linakwenda kasi gani haina maana. Lazima mtu aijulishe. Hapo ndipo anapoingia Hugo Besedovsky, mtafiti kutoka Argentina aliyekuwa akifanya kazi Uswisi. Mwaka 1975 yeye na wenzake walionyesha kwamba wanyama wakidungwa vitu vigeni visivyowadhuru, ila vinavyoamsha kinga, homoni ya adrenali hupanda kwenye damu yao siku ambazo kinga imechachamaa. Hawakuogopeshwa wala kuumizwa. Kilichobadilika ni kazi ya seli zao za kinga. Mwaka 1986, Besedovsky, Adriana del Rey na wenzao wakamtaja mjumbe kwa jina: interlukini-1. Mwaka uliofuata jarida la Science likachapisha kazi za makundi tofauti yaliyothibitisha kwamba mjumbe huyo huuwasha mnyororo, na mawili kati yao yakaonyesha kwamba huanzia juu kabisa, kwenye CRH ya haipothalamasi.

Interlukini-1 ni mmoja wa ukoo mkubwa wa protini ndogo ziitwazo saitokini, ambazo seli za kinga hutumiana kama ujumbe. Ndugu zake wawili wanaohusika zaidi hapa ni TNF na interlukini-6. Bakteria akiingia kwenye kidonda, makrofaji humtambua kwa vipande vya ukuta wake, na ndani ya saa moja au mbili saitokini hizi huanza kutoka. Nyingi hufanya kazi papo hapo kidonda kilipo, na matokeo yake ni ile hali ambayo kila mtu anaijua kwa macho na kwa mguso: pekundu, pa moto, pamevimba, panauma. Madaktari huiita inflamesheni. Kidonda kikiwa kidogo, habari huishia hapo. Kikiwa kikubwa, habari hulazimika kufika ubongoni.

Na ubongo una mlango mgumu. Kuta za vijishipa vyake zimeshonwa kwa kubana kiasi kwamba protini kama saitokini haipiti kirahisi. Basi habari huvukaje? Kwangu mimi hii ndiyo sehemu nzuri kuliko zote, kwa sababu mwili haukutegemea njia moja.

Tazama kijishipa kimoja cha damu ndani ya ubongo, chembamba kiasi cha kupitisha seli za damu kwa foleni. Seli za ukuta wake zina nyuso mbili: uso mmoja unatazama damu, wa pili unatazama ubongo. Interlukini-1 inagusa ule uso unaotazama damu na kujishikiza kwenye kipokezi, yaani protini ya kupokelea ujumbe, haiendi zaidi ya hapo. Seli ya ukuta ikishapokea ujumbe huanza kutengeneza prostaglandini, molekuli ndogo yenye asili ya mafuta, na kuiachia upande wa pili. Prostaglandini haina shida ya kupenya. Ikifika kwenye sehemu ya haipothalamasi inayopanga joto, mtu hupata homa. Ishara hiyohiyo huzichochea pia seli za CRH. Mjumbe wa kwanza amebaki nje ya lango na ujumbe umeingia kwa mdomo wa mwingine. Hapa pia pana maelezo ya kwa nini aspirini hushusha homa: mwaka 1971 John Vane alionyesha kwamba huzuia utengenezaji wa prostaglandini. Na kweli, katika wanyama wa maabara, dawa za ukoo huo hupunguza pia mpando wa ACTH unaoletwa na interlukini-1.

Njia ya pili ni ya neva. Neva ya vagasi hushuka kutoka shina la ubongo, ikapita shingoni na kifuani, ikatawanyika kwenye ini, tumbo na matumbo. Sehemu kubwa ya nyuzi zake haitoi amri. Hupeleka habari juu. Saitokini zikitokea tumboni, vagasi huzihisi na kupeleka habari kwenye shina la ubongo, bila kungoja damu izunguke. Watafiti walipoikata neva hii kwa panya, chini ya kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, dozi ndogo ya interlukini-1 tumboni haikuutikisa mnyororo kama kawaida. Dozi ikiwa kubwa, ubongo ulipata habari hata hivyo, maana njia za damu zilibaki. Nionavyo mimi, mpangilio huu una akili: neva hutoa tahadhari ya mapema wakati adui bado ni mdogo na yuko mahali pamoja, damu huthibitisha vita inapoenea.

Zipo pia sehemu chache za ubongo ambazo kuta za vijishipa vyake zimeachwa na upenyo kwa makusudi, ili ubongo uweze kuionja damu. Na zipo protini za kubeba ambazo huvusha saitokini kidogo kidogo.

Njia hizi kwa kiasi kikubwa hukutana kwenye shina la ubongo, kwenye seli zinazotumia kemikali ya noradrenalini. Seli hizo hutuma nyuzi ndefu hadi kwenye seli za CRH na kuziamsha. Lakini seli ya CRH haimsikilizi mmoja. Zipo kemikali nyingine za ubongo: glutamati huisukuma iwake, GABA huishika mkono itulie, na serotonini nayo huichochea. Amigdala, kituo cha hofu, huipelekea habari za hatari. Hipokampasi, ambayo hutunza kumbukumbu, huituliza. Kwa hiyo hofu ya mtihani na bakteria wa mapafu huingia kwa milango tofauti na kukutana kwenye seli zilezile. Ndiyo maana maneno "msongo" na "ugonjwa", ambayo katika mazungumzo tunayatenga, kwa seli ya CRH ni mashtaka mawili yanayosikilizwa na hakimu mmoja. Ni kwa sababu hiyohiyo, naamini, mtu aliyeelemewa na mawazo anapougua hujikuta anachoka maradufu.

Sasa kotisoli imeshatoka na inazunguka. Je, hufanyaje kazi yake?

Takribani sehemu tisa katika kumi za kotisoli ya damu hazifanyi kitu. Zimefungwa kwenye protini za kubeba, na mbebaji wake mkuu hutengenezwa na ini. Inayofanya kazi ni ile iliyo huru. Mbebaji huyo ameumbwa na kitanzi kilichojitokeza nje, kama mtego uliotegwa. Neutrofili, askari wa kwanza kufika kwenye kidonda, hutoa kimeng'enya ambacho hukikata kitanzi hicho. Kikikatika, mbebaji hubadili umbo na kuidondosha kotisoli pale pale. Joto nalo husaidia: homa ikipanda, mbebaji hulegeza mshiko wake. Maana yake ni kwamba breki hufunguliwa mahali penye moto, na anayeifungua ni silaha ya yule yule anayeuwasha moto. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Hapa moto wenyewe ndio unaoita maji, na kuonyesha pa kuyamwaga.

Kotisoli huru hupenya ndani ya seli na kukutana na kipokezi chake, ambacho hukaa kikisubiri kikiwa kimeshikwa na protini nyingine. Ikijishikiza, protini hizo huachia, na kipokezi pamoja na kotisoli huingia kwenye kiini cha seli, kwenye jeni. Huko hufanya mambo mawili. Kwanza, huzishika mkono protini zinazowasha jeni za inflamesheni, mashuhuri kati yao ikiwa NF-kB, ili zisiendelee kuagiza saitokini. Pili, huwasha jeni za kutuliza. Mojawapo hutengeneza protini iitwayo aneksini, ambayo hubana malighafi ya prostaglandini. Tumerudi tulikoanzia: prostaglandini ndiyo iliyosaidia kuuamsha mnyororo, na mwisho wa mnyororo huikatia mali ghafi.

Kotisoli hurudi pia ubongoni na kwenye pituitari, ikapunguza CRH na ACTH zilizoizaa. Baadhi ya athari hiyo huja ndani ya dakika chache, haraka kuliko jeni zinavyoweza kufanya kazi: seli za CRH zikiguswa na kotisoli hutoa kemikali zinazofanana kitabia na zile za bangi, ambazo mwili hujitengenezea, nazo hurudi nyuma na kuzinyamazisha neva zilizokuwa zikizisukuma. Athari nyingine huchukua saa nyingi.

Breki hii ikikosekana inakuwaje? Mwaka 1989, Esther Sternberg na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walilinganisha koo mbili za panya. Ukoo wa Lewis hupata ugonjwa mkali wa viungo ukidungwa vipande vya ukuta wa bakteria aina ya streptokoka. Ukoo wa Fischer hustahimili. Vipimo vilionyesha kwamba panya wa Lewis hawapandishi CRH, ACTH wala kotikosteroni, ambayo ndiyo kotisoli ya panya, kama inavyotakiwa. Kisha wakafanya jaribio lililoondoa shaka. Panya wa Fischer, wale imara, walipewa dawa inayoziba vipokezi vya homoni hiyo. Wakaugua vibaya na baadhi wakafa. Panya wa Lewis, wale dhaifu, wakapewa kiasi kidogo cha steroidi, dawa ya jamii ya kotisoli, wakalindwa. Tofauti ya kuugua na kutougua ilikuwa kwenye ile breki.

Vita ikiwa ya siku chache, mpango huu hufanya kazi vizuri ajabu. Shida huanza inaposhindwa kwisha. Katika panya wenye ugonjwa sugu wa viungo, CRH hushuka badala ya kupanda, na homoni nyingine ya haipothalamasi, vasopresini, hushika usukani. Interlukini-6 nayo huweza kuziruka ngazi na kuzichochea pituitari na adrenali zenyewe. Kwa wagonjwa mahututi kuna jambo jingine tena. Mwaka 2013 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba kotisoli nyingi ya wagonjwa hao haitokani na kutengenezwa kwa wingi pekee kama ilivyodhaniwa. Kasi ya mwili kuivunja ilikuwa imepungua kwa zaidi ya nusu. Bomba linatiririka zaidi ya kawaida, na mfereji wa kutolea maji nao umezibwa.

Na kwa watu wazima wa afya walioelemewa na maisha? Hapa ndipo pana upotoshaji mwingi. Tunaambiwa msongo hupandisha kotisoli, kotisoli hushusha kinga, basi tunaugua. Hesabu hiyo ni fupi mno. Sheldon Cohen wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon alitumia miaka mingi kufanya jambo ambalo wachache wangelikubali: kuwatia watu waliojitolea virusi vya mafua puani, kisha kuwatenga na kuwaangalia. Utafiti wake wa mwaka 1991, uliofanyika Uingereza kwa watu 394, ulionyesha kwamba kadiri mtu alivyokuwa na msongo mkubwa ndivyo uwezekano wa kuambukizwa ulivyopanda. Mwaka 2012 akachapisha mwingine wa watu 276, akitafuta sababu. Kiwango cha kotisoli kwenye damu hakikutabiri nani angeugua. Kilichotabiri ni jinsi seli nyeupe za damu zilivyoitii. Waliokuwa na msongo wa muda mrefu walikuwa na seli zilizopungukiwa na usikivu kwa homoni ile. Na kumbuka kwamba kamasi, koo kuwasha na uchovu wa mafua husababishwa kwa sehemu kubwa na saitokini za mwili wenyewe. Seli isiyoisikia breki huendelea kuzimwaga.

Naona matokeo hayo yanastahili kujulikana kuliko matangazo yote ya vidonge vya "kushusha kotisoli". Mtu anaweza kuwa na kipimo cha kawaida kabisa kwenye karatasi ya maabara, na bado seli zake zikawa kama mtoto aliyezoea kufokewa: sauti ipo, usikivu umekwisha.

Kuna tafiti nyingine iliyoonyesha gharama yake kwa milimita. Mwaka 1995 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake waliwachukua wanawake 13 waliokuwa wakiwauguza ndugu wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na 13 wa umri unaolingana nao wasio na mzigo huo. Kila mmoja alitobolewa kijidonda cha milimita 3.5 kwenye mkono. Kwa kundi la pili kidonda kilipona kwa wastani wa siku 39. Kwa waliokuwa wakiuguza ndugu, siku 48 na zaidi. Kidonda kidogo kuliko punje ya mchele, siku tisa zaidi, kwa kuwa kuponya kidonda kunahitaji inflamesheni ianze kwa wakati na iishe kwa wakati. Ninapowafikiria watu wanaouguza nyumbani mwaka baada ya mwaka bila wa kuwapokea zamu, tarakimu hizo hunigusa.

Ujuzi huu umeokoa maisha hospitalini. Juni 2020, jaribio kubwa la Uingereza liitwalo RECOVERY lilitangaza kwamba deksamethasoni, steroidi ya bei nafuu, miligramu 6 kwa siku kwa muda usiozidi siku 10, ilipunguza vifo vya wagonjwa wa UVIKO-19 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia kwa takribani theluthi moja, na vya waliohitaji oksijeni kwa takribani moja ya tano. Kwa wasiohitaji oksijeni haikusaidia. Tofauti hiyo ina mantiki ukiufuata mnyororo: mwanzoni adui ni kirusi, na kuwafunga walinzi mikono ni hasara, baadaye mapafu huharibiwa na walinzi wenyewe, na hapo breki ya ziada ndiyo tiba.

Lakini breki ya kuazima ina masharti, na hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu watu hununua vidonge vya steroidi kiholela. Adrenali za mtu mzima hutengeneza takribani miligramu 10 hadi 20 za kotisoli kwa siku. Miligramu 5 za prednisoloni, mojawapo ya steroidi hizo, zina nguvu sawa na miligramu 20 za kotisoli. Mtu akimeza zaidi ya hapo kwa wiki tatu au nne, haipothalamasi na pituitari huona damu imejaa na kuacha kutuma amri. Adrenali zisipoamriwa husinyaa. Siku akiviacha ghafla, anabaki bila kidonge na bila tezi inayofanya kazi. Hali hiyo inafanana na ugonjwa ambao Thomas Addison aliueleza London mwaka 1855, enzi ambazo kifua kikuu kilikuwa mharibifu mkuu wa adrenali: uchovu mzito, kichefuchefu, shinikizo la damu kushuka. Akipata maambukizi katika hali hiyo, saitokini zitapiga kengele usiku kucha na hakuna atakayeitika. Anaweza kufa kwa homa ambayo mwingine angeilala siku tatu akaamka.

Ndiyo maana daktari hupunguza dozi hatua kwa hatua, wakati mwingine kwa miezi, na kumwambia mgonjwa aiongeze akishikwa na homa au akifanyiwa upasuaji, kwani huo ndio wakati ambao mwili ungejiongezea wenyewe. Uamsho hufuata mpangilio. Haipothalamasi na pituitari huzinduka kwanza, ACTH ikapanda, wakati mwingine juu kuliko kawaida, ikizibishia hodi adrenali zilizolala. Zenyewe huitika baadaye. Daktari huchukua damu saa mbili asubuhi, saa ambayo kotisoli inapaswa kuwa juu, na kuangalia kama tezi zile zimeanza tena kuamka zenyewe kabla ya mwenyewe hajameza kidonge cha siku.